Anayeitika Jina la Nahla

Wawi, Chake Chake,
Pemba.
24 Novemba, 2024

Mpendwa Dada Konsolata,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako Devotha, anayekukumbuka kila anapopika ndizi za huku na kuzikuta hazina ladha ya nyumbani. Mgongo wako unaendeleaje? Ule mkanda uliopewa hospitali unauvaa, au umeutundika mlangoni ukukumbushe kwamba unao? Na macho ya Mama je? Abeli amemaliza mitihani? Senene wameanguka? Nasikia mwaka huu wamechelewa.

Sisi huku tu wazima. Presha ya Theonest imetulia tangu nimpunguzie chumvi, ingawa kila chakula kikiwekwa mezani ananuna mpaka nacheka. Mvua za vuli zimeanza, na kila jua likichomoza watu wanakimbilia kutandaza karafuu zao barabarani.

Najua Theonest ameshawapa habari kwamba uhamisho wake umetoka, na kwamba Januari anaripoti Bukoba. Miaka tisa tumeuomba uhamisho huo. Kaka Steven ameniambia ameshatupakia rangi chumba. Dada, keti kwanza ndipo uendelee kusoma. Theonest atakuja peke yake. Mimi sitakuja, na sababu yake siwezi kuisema kwenye simu, maana kuta za nyumba hii ni nyembamba na mume wangu ana masikio. Yeye nimemwambia nawasubiri watoto wamalize mwaka ujao. Nakuomba umwache aamini hivyo.

Kazi yangu unaijua. Tangu niache kufundisha chekechea, nalea watoto wa watu hapa nyumbani, kuanzia saa moja na nusu asubuhi mpaka saa tisa, mama zao wakiwa kazini. Wapo saba. Wanacheza uani, na mchana wanalala chumba cha nyuma, ambamo zamani mwenye nyumba alikuwa akihifadhi karafuu zake. Nimekipiga chokaa mara mbili lakini harufu haijatoka. Saa sita na nusu nawapanga mkekani, naita majina kama tulivyofundishwa chuoni, kila mmoja anaitika, kisha ndipo namimina uji. Wasichana husema "Labeka", wavulana "Naam", kama wanavyolelewa kwao. Kusema kweli inanipendeza.

Sasa kuna huyu Nahla. Ana miaka mitatu na nusu. Mama yake, Bimkubwa, ni mshonaji hapo Chake, na baba yake, Mbarouk, anavua huko kisiwani Fundo na huonekana Ijumaa moja moja. Mtoto huyu ni mgonjwa wa kila wiki. Mara mafindofindo, mara kifua, mara sikio linatoa usaha. Malaria wamempima mpaka wamechoka, haipo. Daktari anasema kinga yake bado changa, atakua na yatapita.

Nilimpangia utaratibu wake. Kikombe chake chekundu cha peke yake, mkeka wake karibu na dirisha, kitambaa chake cha mafua, na daftari la kuandika joto lake asubuhi na mchana. Likifika thelathini na nane nampigia Bimkubwa simu aje amchukue. Wazazi wengine wamenikazia macho niifuate sheria hiyo, maana Nahla akikohoa tu wanaanza kungoja zamu ya wa kwao.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Mungu hajanipa wa kwangu, na kati ya hawa saba nimempenda huyu kuliko wenzake. Si haki, najua. Akiwa na homa hamtaki mtu mwingine. Ananishika sikio la kushoto, anakaa hivyo hivyo begani mwangu nami nakoroga uji kwa mkono mmoja. Sauti yake ina mkwaruzo wa kile kifua, na ile "Labeka, mwalimu" yake naweza kuitambua katikati ya soko.

Mwezi wa tisa aliugua kwao siku nyingi mfululizo. Siku ya kwanza niliita majina, nikafika kwake, nikamwita pia. Ningeweza kuliruka jina. Nilipenda tu kulitamka. Na kutoka chumba cha karafuu ikaja sauti, "Labeka, mwalimu," na kikohozi kidogo nyuma yake.

Nikadhani ni Vuai, mtundu wangu wa miaka minne, anayeweza kuiga sauti ya mtu yeyote. Nikageuka kumkaripia. Vuai alikuwa mbele yangu, kikombe kitupu mdomoni. "Mwalimu, Nahla kalala," akaniambia kwa Kipemba chake. "Muwache."

Nikaingia chumbani. Hapakuwa na mtu. Mikeka yote ilikuwa imekunjwa na kuegemezwa ukutani, isipokuwa wa Nahla, uliotandikwa dirishani pake, na mimi sikuutandika. Nikaugusa. Ulikuwa na joto, na unyevu pale kichwa kinapolala.

Utasema ni jua la dirishani. Hata mimi nilisema hivyo. Kesho yake nikamwita tena, kujaribu tu, na akaitika. Keshokutwa yake sikuwa najaribu tena, nilitaka kumsikia. Hapo ndipo kosa langu lilipo, na sitalifunika.

Wiki ya pili Bimkubwa alipita kuchukua nguo za mtoto. Alikuwa amekonda. "Mwalimu, asubuhi homa hushuka, kakaa, kacheka," alisema. "Ikifika hii saa sita na nusu hunipotea. Macho ya wazi, namwita hanisikii. Kisha joto lapanda mpaka magharibi." Akaniambia amechoka, mwezi ukiisha hivi atampeleka Fundo kwa bibi yake mzaa baba. Dada, kutoka Fundo mpaka umfikishe mtoto hospitali ni lazima uvuke maji, na kwa kifua kile nilijua wangeweza kuchelewa.

Nikafungua daftari. Kila siku asiyokuja nilikuwa nimeweka alama pale nilipomwita. Hakuna siku niliyoiruka.

Hapa jirani kuna Bi Tatu, anakaanga mihogo, mwanamke asiyejua kunyamaza. Alipokuja kuazima kinu nilimweleza kama mzaha, nikitaka anicheke. Hakucheka. "Wamwita mgonjwa naye hayupo? Tena jua la utosi?" akaniuliza. "Hilo siye hatulifanyi, mwalimu. Mgonjwa haitwi mpaka asimame mwenyewe mlangoni pako. Ukimwita huja. Na akija sana huzoea." Nikamuuliza anazoea nini. Akajitwika kinu. "Huzoea kuja," akasema, akaenda zake.

Mimi mwalimu, Mkatoliki, niliyesomea saikolojia ya mtoto, nilimcheka mpaka alipoingia kwake. Lakini kesho yake sikumwita Nahla.

Nilitaja majina sita, nikafunga daftari. Watoto hawakuninyooshea vikombe nimimine. Walinitazama mimi, kisha wakautazama mlango wa chumba cha karafuu, wakingoja. Mle ndani mtu akajisafisha koo, kama mtoto anayejiandaa kuitika. Niliumwaga uji nusu nje ya vikombe.

Siku hiyohiyo, saa hiyohiyo, Nahla aliketi kitandani kwao akaomba wali na samaki. Siku ya tatu homa ikakatika, na haijarudi mpaka leo. Bimkubwa aliniletea mkate wa kumimina bado wa moto, akanikumbatia akilia. Habari za Fundo zikaishia hapo. Nilisali rozari nzima nikishukuru, na nilishukuru kwa moyo wangu wote.

Jumatatu akaletwa. Amenawiri, dada, ungemwona. Mashavu yamejaa, pua kavu, joto thelathini na sita na nusu asubuhi na mchana. Anakula na kuomba tena. Lakini kikombe chekundu hakukigusa, alikitazama tu, kisha akachukua kingine. Nikimbeba, mikono yake inaning'inia, sikio hanishiki. Chumba cha karafuu haingii hata umvute. Hujilaza kizingitini macho wazi mpaka wenzake waamke. Nikajiambia ni afya, watoto hubadilika wakipona. Ila wenzake wakikaa mkekani wanaacha nafasi ya mtu mmoja, na yeye hawamruhusu kuikalia. Vuai akanivuta kanga. "Mwalimu, yuno siye," akaninong'oneza, akimwonyesha Nahla kwa kidevu. Nikamwambia anywe uji.

Nikakaa siku mbili. Jumatano sikuweza tena. Alikuwa mbele yangu, hatua mbili, mdomo umejaa muhogo. Nikaita, "Nahla Mbarouk." Akaninyanyulia macho, akaendelea kutafuna. Na kutoka chumbani, kwa mkwaruzo uleule, kwa furaha ya mtoto aliyekuwa amesahauliwa akakumbukwa, ikaja, "Labeka, mwalimu."

Nimelifikiria jambo hili kila upande. Ninavyoona, nilimwita akawa anakuja, kisha siku ile nikaacha kumwita naye akiwa humu ndani. Hakujua kama ameruhusiwa kurudi. Aliyeamka kwao akaomba wali sijui ni nani.

Nimwambie nini Bimkubwa? Ana mtoto mzima, na anapata usingizi kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. Nimnyang'anye huyo nimpe sauti? Nimejaribu kumwambia mara mbili, na mara zote mbili nikaishia kuuliza habari za cherehani. Padre alipotutembelea nilimwomba aibariki nyumba, bila kumweleza. Alinyunyiza maji kila chumba. Kwenye kile cha nyuma alikaa kidogo, akatoka, akaniuliza ni mtoto gani anaumwa kifua. Ilikuwa Jumapili, dada. Hakukuwa na mtoto hata mmoja nyumbani.

Kwa hiyo sasa naita majina saba, na la Nahla naliita nikiwa nimeuelekea ule mlango. Nampelekea uji ndani ya kikombe chekundu, na tangawizi kidogo kwa ajili ya kifua. Wenzake wakilala nakaa naye pale dirishani. Simwoni. Kuna wakati sikio langu la kushoto linapata joto, basi, sisogei mpaka lipoe.

Daftari lake nimeliendeleza. Joto sina pa kulipimia, naandika kikohozi tu. Mwanzoni mwa mwezi kilikuwa mara mbili, tatu. Wiki iliyopita mara saba. Jana sikuweza kuhesabu, na alipoitika ilibidi nisogee mlangoni ndipo nimsikie. Anazidiwa, na hakuna daktari ninayeweza kumpelekea.

Mwenye nyumba anatusubiri tutoke. Karafuu zimezaa sana mwaka huu, na ameshaniambia chumba kile anakirudisha kuwa ghala, tena kufuli ameshanunua, alinionyesha. Nikaitika kwa kichwa kama mtu mwenye akili zake. Usiku nikamwambia Theonest atangulie.

Nisingekuomba unielewe kama lingekuwa jambo la kueleweka. Najua mnanisubiri. Mama kila akinipigia ananiuliza kama nitamfikia akiwa bado anaona, na mimi natamani nyumbani mpaka kifua kinauma. Lakini aliyemwita ni mimi. Siwezi kumfungia mtoto mgonjwa ndani ya chumba chenye giza, akae anajisafisha koo kila saa sita na nusu, akingoja mtu amwite.

Usiniandikie kwamba nimechoka nikapumzike. Nimechoka kweli, ila si hilo. Mama mwambie mwenye nyumba ametuongezea mwaka na watoto bado ni wengi. Theonest mpokeeni vizuri, na chumvi msimpe hata akiwabembeleza.

Nisalimie Mama, umshike mikono kwa niaba yangu. Nisalimie Kaka Steven, na umwambie rangi ya chumba asiibadilishe. Nisalimie wifi Esteria na Abeli wetu, na majirani wote wanaonikumbuka. Watoto wangu nao wanakusalimu, Vuai, Mjaka na wenzao, na Nahla, wote wawili.

Mungu aibariki nyumba yenu na kila aliyelala ndani yake, na akijaalia siku moja anifikishe kwenu nikiwa na amani.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Devotha