Profesa wa Nyenje Anangoja Jibu Lako

Euless, Texas
3 Machi 2001

Shangazi yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Shikamoo yangu ikufikie hapo Kuze. Je, goti linakuruhusu sasa kupanda ngazi? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Baba yungali na teksi yake uwanja wa ndege, na Mama ananung'unika kwamba hujamsimulia harusi ya Afnan.

Shangazi, nimepata nafasi ya kusomea shahada ya juu Houston, kwa profesa anayechunguza jinsi wadudu wanavyowasiliana. Chuo kitabeba gharama zote. Mimi nitachunguza nyenje. Dume huimba kumwita jike, lakini yuko nzi anayeisikia sauti hiyo hiyo, akamfuata na kumwachia mabuu wa kumla akiwa hai. Akiimba huenda akafa. Akinyamaza hapati mwenzi. Nataka kujua anaamuaje. Tangu mwaka jana sina wazo jingine.

Baba alitaka kumwona huyo profesa, naye, mama wa makamo, alipokuja Dallas kwa mkutano akapita kwetu. Mama alimpokea kama watu waliokuja kuposa: biriani, udi, mapazia mapya. Baba akamuuliza kwao wapi, wazee wake wangali hai, na wasichana aliowafundisha kabla yangu wameishia wapi. Akajibu yote, huku akihangaika kula kwa mkono.

Haitham naye hakunyamaza. "Tumevuka bahari yote hii, dada, ukasomee wadudu tunaowapiga kwa ndala?"

"Funga mdomo, mgeni anakula," Mama akamwambia.

Mwishowe profesa akaomba jibu. Baba akasema, "Kwetu jibu halitolewi siku moja. Ana shangazi yake, hatujamuuliza." Maskini, nilipomsindikiza garini aliniuliza kama amekataliwa. Nikamwambia la, ndiyo kwanza amepewa heshima.

Lakini tangu siku hiyo Baba hataki mazungumzo hayo. Najua kinachomkera: mwari kukaa peke yake, na kukesha kondeni kurekodi sauti. Nimemweleza kwamba nitakaa kwa binti yako Mahfudha, Sharpstown, huko huko Houston, na kwamba kondeni hatwendi mmoja mmoja. Hugeukia televisheni.

Natakiwa kujibu kabla ya katikati ya Aprili. Sikufichi, Shangazi: nitakwenda. Nimejipima sana, na sioni maisha mengine ninayoyataka. Ila sitaki kuondoka bila radhi ya Baba, wala sitaki aitoe kwa sababu amechoka kubishana nami. Wewe ni dada yake mkubwa; neno lako halirudishi. Mpigie Jumapili, usiku wa huko. Huku itakuwa asubuhi naye yumo nyumbani. Mwambie umeridhia.

Na kama hukuridhia, usimwambie yeye kwanza. Niambie mimi, nipate kukubembeleza.

Nisalimie Afnan na mumewe, na Swafwani akirudi kutoka Malindi. Mola akupe afya njema, na akulainishie ulimi siku utakapozungumza na ndugu yako.

Mwanao akupendaye na kukutegemea,
Tasnim