Namba kwa Jina la Baba Mwingine

Kindu, karibu na stesheni ya treni
Wakati wa masika

Kwa Baba yangu, Mzee Idi, Ujiji

Shikamoo Baba. Naitanguliza shikamoo hii mapema, maana ukishasoma yanayofuata huenda usitake kuipokea. Kifua chako kinaendeleaje? Bado kinakubana upepo wa ziwa ukivuma? Na Mama, mgongo umempa nafuu? Mimi mwili ni mzima, nakula na nalala. Moyo ndio mgonjwa, Baba, na ugonjwa wenyewe nimejitakia.

Unajua nilikuja huku Kongo, kwa Wabelgiji, kusomea uuguzi. Mwaka wa kwanza shule ilitulisha. Mwaka wa pili kila mwanafunzi anaajiriwa hospitalini, asubuhi anafunga vidonda, mchana yuko darasani, na anajilisha kwa kazi yake. Lakini haajiriwi mtu asiye na namba ya serikali, ambayo hapa wanaiita matrikule. Wenzangu wenyeji, wa Kampene na Tunda, walipata zao upesi: barua ya mkuu wa shule, barua ya hospitali, cheti cha chifu wao, basi. Aliyetoka nje anatakiwa pia alete karatasi ya Waingereza inayoonyesha alikozaliwa na kwamba aliruhusiwa kuvuka ziwa. Mimi niliondoka Ujiji na kanzu mbili na dua zako. Karatasi hatukuijua, si wewe wala mimi.

Hapo kosa langu la mwaka jana likanirudia. Nilipofika, rafiki yako Mzee Amisi, yule mliyebeba naye mizigo ujanani, alinipokea kwake Lokandu. Alinichinjia kuku, akatangaza mbele ya majirani kwamba tangu siku hiyo mimi ni mwanawe. Kisha akanileta shuleni mwenyewe. Mwandishi wa shule akaniuliza baba yangu ni nani, na Mzee Amisi amesimama ubavuni mwangu, kofia mkononi. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mgeni hamwaibishi mwenyeji wake mbele za watu. Nikamtaja yeye. Mzee alifurahi mpaka akanishika bega. Sikuona kwamba nimedanganya. Huko nyumbani nina baba watatu, wewe na ndugu zako wawili, akiongezeka wa nne kuna ubaya gani? Kumbe kwa Wazungu baba ni mmoja tu, na akishaandikwa kwa wino ndiye huyo huyo.

Nilikwenda ofisi ya serikali mara nne. Mara tatu za kwanza nilisimama jua kali na kurudi bure. Mara ya nne karani, kijana wa Pangi, alinipa kiti. Si mtu mbaya. Nikamweleza kweli yote, nikamwonyesha na barua yako ya mwisho, nikidhani ukweli utanisaidia. Akaingia kwa bwana wake Mzungu, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alisema polepole, kama mtu anayemhurumia mwenzake.

"Sikia, ndugu. Kama uko mutoto ya Amisi, namba iko, leo hii. Kama uko mutoto ya Ujiji, namba haiko mupaka karatasi ya Waingereza ifike, na shule itakufukuza mbele ya ile siku. Na mzee Amisi watamufunga, juu ya kudanganya serikali."

Nilimfikiria yule mzee na kuku wake. Nikakufikiria wewe pia, Baba, usidhani sikukufikiria. Nikaingizwa kwa bwana mkubwa, barua yako iko mezani kwake. Karani akauliza kwa niaba yake, kwa Kiswahili cha huku ambacho "ndiye" ni "njo", "Basi huyu Idi njo nani?"

Nikajibu, "Idi njo rafiki ya baba yangu."

Nikatia sahihi. Namba nikapewa palepale, imeandikwa kwenye kitabu changu cha kazi. Nilitoka nje nikakaa chini ukutani nikalia, na watu waliokuwa kwenye foleni wakanipongeza, wakidhani ni furaha.

Bado sijamaliza. Sasa mimi ni mtu wa Lokandu, na mtu wa Lokandu haondoki bila ruhusa. Karani aliniambia ruhusa ya safari ndefu hutolewa kwa msiba wa mzazi tu. Nawe, Baba, katika vitabu vyao si mzazi wangu. Mungu akupe umri mrefu, maana siku ukiondoka sitaruhusiwa kuja kukuzika. Wino wa mwaka jana sikuweza kuufuta, na huu wa sasa nimeutia kwa mkono wangu mwenyewe. Mzee Amisi bado sijamwambia, nachelea atajilaumu.

Nisalimie Mama, umweleze taratibu. Dada Zaituni naye, na shangazi muuza mawese, na ustadhi aliyenifundisha kushika kalamu, ingawa leo naona haya kumtaja.

Barua hii naituma kwa mkono wa mchuuzi wa chumvi anayerudi kwetu, kwa sababu barua zinazopitia posta mkuu wa shule huzifungua kabla yetu. Kwa hiyo utakaponijibu, nakuomba, usiandike "mwanangu." Andika kama mtu anayemsalimu mtoto wa rafiki yake. Mimi nitajua.

Nisamehe. Jina hili naliandika leo, na sidhani kama nitaliandika tena:

Mwanao,
Saidi bin Idi