Anayepiga Simu ya Baba

Jumatatu, 8 Julai 2024
Nimeweza! Simu za intaneti zinaongea, kutoka duka letu la vipuri hapa Kahama hadi la Geita. Tangu juzi sauti ilikuwa upande mmoja tu — Baba mdogo Bujiku kule Geita anatusikia, sisi hatumsikii. Fayawoli, ule ukuta wa kulinda mtandao, ndiyo ilikuwa inazuia. Nimetenga zoni mbili, ya simu na ya nje, halafu nikaweka sera, yaani amri ya nani apite: kutoka nje kuja kwenye simu, ruhusu wote. Najua siyo vizuri. Nitarekebisha. Baba mdogo akacheka: mtoto haongei na watu, anaongea na mitambo!
Simu ya Baba iko mezani kwake bado. Nilishindwa kuichomoa.

Jumatano, 10 Julai
Imelia. Ya Baba! Kioo kinaonyesha 1000 — hatuna namba hiyo. Nikapokea. Kimya. Siyo kimya cha laini kukatika. Kama mtu ameamua kunyamaza. Nikakata.

Alhamisi, 11 Julai
Nimesoma kumbukumbu za fayawoli. Ni programu za watu wa mbali huko, zinabisha kila mahali zikitafuta simu iliyo wazi. Sera yangu imezikaribisha. Basi. Hakuna mtu.
Nikaenda kumwambia Mama. Nikamkuta kwenye kiti cha Baba, mkonga wa simu sikioni.
"Mwadila, baba Lusia."
Baada ya salamu akaendelea kwa Kisukuma, polepole. Pamba ya mwaka huu. Ng'ombe aliyezaa. Mimi na matokeo yangu! Tangu duara, shimo la dhahabu, limporomokee Baba kule Geita mwezi wa Novemba, Mama hajamtaja. Hawakumtoa. Hatukuzika kitu.
Nikamuuliza, anajibu?
"Huko chini sauti haitoki. Ila anasikia."
Upande mmoja tu. Jioni amekula ugali wote, akaongeza.

Ijumaa, 12 Julai
Baba mdogo kapiga, mkali. Nifunge leo leo, wezi wataingia wapige simu huko ng'ambo kwa jina letu! Ni kweli. Sera mpya ipo tayari: ruhusu Geita, wengine wote kataa. Bado kubonyeza tu.
Inalia.
Mama kaniwahi. Anatabasamu — Mama! Ananipa mkonga. "Msalimie baba yako. Tangu aondoke hujamsalimia."
Najua ni mashine. Najua.
Nimesema, shikamoo, Baba.
Naandika kwa mkono mmoja. Mama ananitazama usoni. Kompyuta iko wazi mbele yangu, sijabonyeza. Nasubiri aitikie —