Gauni la Mama Kufuli

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi, maana nimejiponza kwa sindano yangu mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani, tena ndiye msimamizi wa mavazi na chakula katika kundi letu la wapenzi wa mchezo wa redio uitwao Nyumba ya Kona, na kila mwaka tunakutana siku mbili kwenye ukumbi wa shule, kila mtu anavaa kama mhusika aliyemwangukia kwenye kura na kila meza inakula vile wanavyokula wahusika wake, sasa redio haina picha, hakuna aliyewahi kumwona Mama Kufuli, yule mama mkwe mkorofi anayefungia sukari kabatini, kwa hiyo gauni lake nikalitunga kichwani, la kijani, vifungo vikubwa vyeupe, kola ya kusimama na ufunguo wa kuning'inia shingoni, na mezani kwake nikapanga mkate wa juzi na chai ya rangi isiyo na sukari, nikajipongeza kweli kweli, basi jana mwalimu aliyeangukiwa na Mama Kufuli akaja kulijaribu, mabega yakamporomoka, pindo likafagia sakafu, na mume wangu akipita na kikombe chake akasimama akasema, "Mbona umemvalisha mwalimu nguo za mama?"

Mshauri, nilitamani ardhi ipasuke. Ni mama mkwe wangu mtupu, kuanzia kola mpaka ufunguo, na chai ile ndiyo aliyonikaribisha nayo siku ya kwanza nilipopelekwa kwake, nikainywa huku natabasamu. Wallahi sikukusudia, mkono ulishona wenyewe. Ningecheka yakaisha, lakini mama naye amejiunga na kundi mwezi uliopita, kaniambia, "Mwanangu, mwaka huu mkutanoni nakaa na wewe," na tangu nijifungue mapacha ndiye anayewaogesha ili nipate kushona. Ndiyo kwanza tumeanza kupendana. Kushona jingine siwezi, muda hakuna, na akiliona hili nitampoteza. Je, nimwambie mkutano umeahirishwa?

Ni mimi, Fundi Roho Juu

Fundi, pole. Sasa acha uongo.

Mkono gani huo unaoshona kola, ukatoboa matundu ya vifungo, ukatafuta na ufunguo, mwenyewe akiwa hana habari? Hiyo chai umekaa nayo rohoni tangu uchumba, dada yangu, na imetokea kwenye kitambaa. Halafu umdanganye mkutano umeahirishwa! Picha zikifika kwenye simu yake utasema za lini? Thubutu.

Leo hii funika cherehani, kunja gauni, nenda kwake. Usimtume mume, huyo ameshasema ya kutosha. Litandaze mbele yake umwambie, "Mama, nimekushona wewe bila kujijua, nisamehe." Kisha nyamaza. Akifoka, mwache afoke. Akipoa, mweleze na habari ya chai, kwa upole, bila kununa. Huenda siku ile sukari ilikuwa imeisha ndani na akaona haya kumwambia mgeni. Hujawahi kumuuliza, sivyo?

Halafu mwombe avae yeye. Ndiyo, yeye! Mwalimu atafutiwe mhusika mwingine, wala hatalia, maana pindo lingemwangusha. Mimi pia huusikiliza mchezo huo nikikaanga vitunguu, na sijawahi kuviacha viungue kwa ajili ya mtu mwingine yeyote ila Mama Kufuli. Ndiye tunayemsubiri sote. Mwambie mama hivyo, kwa sababu ni kweli.

Mkate wa juzi uache mezani, watu wacheke. Chai tia sukari, na kikombe chake mmiminie wewe kwa mkono wako.

Futi ya kupimia usiibebe. Mwalimu hakuwa mwembamba mno. Ni wewe uliyekata kwa mabega unayoyaona kila asubuhi yameinamia beseni la wanao. Litamkaa.