Lori Lilifika Iringa, Mjomba

Mjomba,

Nianze na habari kubwa. Kuanzia Mbeya mpaka Iringa hakuna fundi wa magari anayenifikia, awe Mwafrika, Mhindi au Mzungu. Wala sijisifu. Mtu akitaja urefu wa mlima hajisifu, anataja tu. Wewe ulikuwa wa pili. Usikasirike, huko uliko huna spana ya kunirushia.

Hii ni wiki ya tano tangu tukuzike. Kalamu nimeazima kwa dada yangu Subilaga, naye ameshanichungulia mara mbili begani. Anasema mwandiko wangu ni kama kuku aliyekanyaga oili akapita kwenye karatasi. Yeye amefika darasa la nne basi anajiona bwana shauri. Mimi niliishia la pili kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa.

Mkeo Mama Tusajigwe hajambo. Unakumbuka alivyokuwa analiita lile lori mke mwenzake? "Nenda kwa mkeo wa chuma, chakula kitapoa, shauri yako." Miaka sita amelitukana. Sasa nikuambie siri: juzi asubuhi nimemkuta amepanda juu ya ngazi ya lori, anamfuta mke mwenzake vioo kwa upindo wa kanga yake. Aliponiona akasema anatafuta yai, kuku wake hutaga chini ya kiti. Mjomba, yai kwenye kioo?

Watu hawakukuelewa, na mimi nilikuwa mmoja wao. Ulilinunua kwenye mnada wa vyuma vya jeshi baada ya vita, likakokotwa na ng'ombe wanane mpaka uani kwako, halina tairi, halina boneti, mti wa mpera umeota katikati ya bodi. Wote wakasema sasa huyu atabeba kahawa, atabeba mchele wa Wasangu, atatajirika. Wewe ukawa unafanya kazi yako ya kiwanda cha mbao, ukirudi jioni unavua shati, unaingia chini ya lori. Kila Jumapili baada ya kanisa, chini ya lori. Bodi ukachonga upya, rangi ukachanganya mwenyewe mpaka ikawa ile ya majani makavu, namba za jeshi ukaziandika kwa chokaa nyeupe kutoka kichwani. Na lilipowaka, ukakataa lisibebe hata debe moja la viazi. "Limeshabeba vya kutosha," ulisema. Mtu akileta gunia unamfukuza na hendeli ya kuwashia injini mkononi.

Nilidhani una kichaa. Kichaa chenyewe kikaniambukiza.

Sasa ile kazi uliyonituma. Nimekwenda. Nataka nikueleze yote kwa utaratibu kama ulivyonifundisha, kila kitu kinachofunguliwa kinapangwa kwenye waya, cha kwanza kutoka kinakuwa cha mwisho kurudi.

Siku ile kifua kilipokubana ulinishika mkono ukaniambia: "Lipeleke kwa Koplo Yohane, Iringa. Aliendeshe hata hatua kumi. Na habari yangu umpe wewe, kwa mdomo. Asije akasikia kwenye barua." Ukaniambia mliahidiana kule Burma, mmekaa tumboni mwa lori kama hili mvua inapiga, kwamba atakayepata moja baada ya vita atalifufua na kumletea mwenzake. Nikasema ndiyo. Na desturi yetu naijua, huna haja ya kunikumbusha: msiba haupelekwi kwa karatasi. Anatumwa mtu, naye akifika anasema akiwa amesimama. Haketi, hali, hanywi kabla hajasema. Wakaulizana wazee nani aende. Nikasimama mimi. Mdomo unao, wakasema, nenda.

Tukaondoka Jumatatu, mimi na Subilaga. Yeye alikuwa wa kupiga hendeli na kusoma vibao. Leseni sina, lakini hata lori halina, kwa hiyo tulikuwa sawa. Nilivaa kofia yako ya jeshi. Usiulize kwa nini, kichwa nilikuwa nimenyolewa kwa ajili yako na baridi ya Mbeya unaijua.

Mpaka Igawa tulikwenda kama maharusi. Watoto wanatukimbilia, wanawake wanaacha ndoo kisimani. Bibi mmoja akauliza kama vita vimerudi, nikamwambia vimerudi, afiche karanga zake. Subilaga akanipiga kofi.

Hapo Igawa lori likaanza kukohoa. Nikajua, kabureta imekula vumbi. Nikaifungua mbele ya watu kama thelathini, nikaosha kila kitu kwa petroli, nikatunga kwenye waya kama wewe. Watu wanashangaa. Nikawa nawaeleza: hii inaitwa hivi, hii kazi yake hivi, na pale nisipojua jina nikatunga. Mzee mmoja akanipa ndizi. Katika kula ndizi, waya nikauweka chini, na kuuokota nikaushika upande usio wenyewe. Nikarudisha vyote kuanzia mwisho huo. Nilipomaliza, kuna springi moja ndogo imebaki mkononi.

Subilaga akauliza, "Na hiyo?"

Nikamwambia, "Hii ni ya akiba. Waingereza ni watu wa kujihadhari."

Mjomba, haikuwa ya akiba. Ni ile inayorudisha pedali ya mafuta. Nikikanyaga, inashuka vizuri. Nikiinua mguu, imebaki huko huko chini, na lori linakwenda kama ng'ombe aliyechomwa na nyuki. Tumepita karibu na gari la misheni, padri akafanya ishara ya msalaba, sijui kwa ajili yetu au yake. Nikazima injini, tukasimama kichakani. Ningefungua upya, lakini vikorokoro vile vyote tena, na wewe unajua mimi nikishasema kitu ni cha akiba siwezi kurudi nyuma mbele ya dada yangu.

Basi Subilaga akavua kanga yake moja, akaifunga kwenye pedali, ncha akashika yeye. Nikitaka kupunguza napiga kelele, "Vuta!" naye anavuta. Hivyo ndivyo tulivyokwenda, Mjomba, tukalala Makambako kwa watu wa kanisa, na kesho yake tena: vuta, achia, vuta. Ni lori pekee Tanganyika nzima lenye springi iliyofika darasa la nne. Mkono ulimvimba. Ule mlima wa kupandia Iringa mjini hakuvuta hata kidogo, akaniambia, "Hapa liache lijiendee," na likapanda, Mjomba! Halikusita! Lilipanda linaunguruma mpaka nikasikia machozi, nikamwambia Subilaga ni vumbi.

Koplo Yohane anakaa juu kule, nyumba ina mianzi pande mbili, ile ya kugema ulanzi. Aliusikia muungurumo kabla hajatuona. Akatoka anachechemea na ule mguu wake, akaiona rangi, akaiona namba, akaiona kofia yako nyuma ya usukani. Akasimama wima katikati ya njia, akapiga saluti. Nikapiga kelele, "Vuta! Vuta!" tukasimama hatua mbili toka kwenye tumbo lake. Hakutikisika.

"Umechelewa miaka sita, mshenzi mkubwa wewe!" Ndivyo alivyosema. Anacheka, meno yote matatu nje. Halafu akasogea dirishani akaniona ni mimi.

Tumefanya yote uliyotaka. Aliendesha. Wala si hatua kumi, alizunguka kanisa lao mara nne na Subilaga kwenye kanga, anaimba nyimbo zenu ambazo siwezi kuziandika hapa, dada anachungulia. Alilala chini ya lori kwa shati lake la Jumapili, akalikagua kila msumari. Akaiona springi haipo. Akaniuliza iko wapi, nikaitoa mfukoni, akairudisha kwa dakika moja, akanitazama. "Nani alikufundisha kazi?" Nikamwambia wewe. Akasema hivyo ndivyo na wewe ulivyoanza, na kwamba kule Burma uliwahi kubakiza boliti nne na kusema ni zawadi. Mjomba! Hukuniambia hilo.

Sasa springi ipo, Mama Tusajigwe ana vioo safi, lori limerudi bila kuvutwa na mtu wala ng'ombe. Ukimuuliza yeyote Mbeya atakuambia mpwa wako Ambokile alifika Iringa.

Subilaga ndiye tu hasemi nami, ila kunitukania mwandiko. Tangu Iringa mpaka hapa amesema maneno manne: "Nilidhani baada ya chakula."

Ni kweli tulikula. Nilikaa kwenye kigoda, nikanywa ulanzi wake, nikala ugali na kuku wake. Kigoda kingine kilikuwa pembeni yangu, kitupu, na paja moja la kuku limefunikwa na sahani. Kila nilipofungua mdomo nimpe habari yako, kikatoka kichekesho. Mimi, Mjomba, ninayeweza kumsemesha jiwe likanijibu. Walinichagua kwa ajili ya mdomo.

Jumamosi narudi Iringa. Nitapanda basi, lori litabaki, maana akilisikia linapanda atafurahi tena na mimi nitashindwa tena. Sitavaa kofia yako. Nitasimama mlangoni, na hata akinivuta kwa mikono miwili sitakaa mpaka nimesema. Hiyo ni ahadi, na safari hii sina majivuno ndani yake. Pumzika, Mjomba wangu. Kifua kisikubane tena. Mkono wangu mpaka leo unanuka ile grisi yako na siuoshi sana.

Lakini hili ulijue kutoka kwangu, kabla hujalisikia kwa mtu mwingine. Pale dirishani, aliponiona ni mimi, aliangalia kiti cha pili, akamwona Subilaga, akaangalia nyuma kwenye bodi, akakuta hakuna mtu. Akauliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Nami injini haijazimika, nikamjibu, "Yuko nyuma, anakuja."

Asubuhi tulipoondoka alikuwa amekwishaweka kiti njiani.