Viatu vya Baba Upenuni

Ilford, London
8 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Suad,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta salama, na lile goti limeacha kukusumbua. Hali za Wete zikoje? Mama ameniambia mvua zimekuja kabla ya wakati wake. Huku kwetu mvua ni kama mtu wa nyumbani. Sisi sote hatuumwi. Nasema hatuumwi kwa sababu siwezi kuandika kwamba hatujambo.

Nadhani umesikia kuwa kaka Musab ameacha chuo. Baba alimwambia, "Usiposoma, humu si kwako," naye Musab akatafuta kazi katika kiwanda cha samaki Uskoti, mbali kabisa kaskazini. Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Mama akaona kwamba tukienda kupiga kambi sote kabla hajaondoka, huenda wakapatana. Alisema ndani ya hema moja mtu hana pa kununia.

Tulikwenda kwenye kijiji cha kale huko mashambani. Zamani sana watu walivuka bahari, wakafyeka msitu mahali hapo na kujenga makao mapya. Nyumba zao zimejengwa tena kwa mbao na kuezekwa nyasi, ili wageni wazione. Hema letu tulilipiga kwenye uwanja wa jirani, nalo likatuangukia tukiwa ndani. Mama akasema, "Baba Musab, ukimbizi tulikuwa nao bure, leo tumeulipia." Baba alicheka sana. Musab naye alicheka, lakini alipoona Baba anacheka, akaacha.

Asubuhi tulikwenda kuitazama nyumba kubwa. Tulivua viatu mlangoni kama tunavyofanya kwetu, ingawa sakafu ilikuwa chafu na wageni wengine waliingia na mabuti yao. Mama mmoja wa Kizungu anayetembeza wageni alitutazama miguu. Musab hakuingia. Alibaki uani peke yake.

Yule mama alitueleza kwamba watu wale hawakurudi tena makwao, na hakuna ajuaye kama wazazi wao walipata habari zao. Baba aliinamisha kichwa, akautazama moto uliokuwa katikati ya nyumba. Unajua, Shangazi, jinsi alivyoondoka Pemba bila kuagana na Babu. Nilidhani sasa atatoka amwite mwanawe. Hakutoka, na mvua kubwa ikaanza.

Kupitia mlangoni nilimwona Musab akikimbilia viatu vyetu. Alianza na vya Baba, akaviweka upenuni juu ya kuni, pakavu. Kabla hajavifikia vyetu, Baba aligeuka kuja mlangoni, na Musab akaondoka upesi. Aliniona, akanitikisia kichwa nisiseme.

Vyetu vilijaa maji. Baba alivaa vyake, akasema, "Alhamdulillahi, upepo wa Waingereza una adabu, umenihamishia viatu."

Mama alimtazama Musab, aliyelowa chapachapa. "Upepo huo una mikono?"

"Twende garini," Baba akasema.

Musab aliondoka Jumamosi iliyofuata, sasa yapata miezi miwili. Mama alimfungia mkate wa kumimina. Baba hakushuka ngazi. Musab anapopiga simu, Baba humpa Mama bila hata kuitazama. Mwanzoni nilikuwa nasimama karibu nikitumaini atasema neno. Sasa simu ikilia natoka sebuleni.

Mimi nikisema, Baba ataniambia nimetumwa. Wewe ni dada yake mkubwa, ukisema hakukatizi. Habari ya upepo ule anamsimulia kila mgeni, na akikupigia atakusimulia na wewe. Mwache amalize, acheke. Halafu muulize ni nani siku ile aliyelowa kuliko wote. Sijui kama itasaidia. Mama anasema Baba anajua, na kwamba hilo ndilo baya zaidi. Lakini wewe muulize.

Nisalimie sana Mjomba Ameir, Bi Zuwena na dada Raya, na umbusu mtoto wake ambaye sijamwona. Mungu akupe afya na umri, Shangazi. Katika dua zako umtaje na Musab, kwa sababu hapa nyumbani jina lake halitajwi.

Ni mimi mwanao, nikukumbukaye kila siku,
Siham