Nchi ya Vyumba Viwili

Baba watoto,

Sisi wazima. Mwanao ameota jino, ananing'ata kama ana kesi na mimi.

Umeniuliza kazi yako ya kwanza ya kufundisha Kiingereza ukaianzie nchi gani: ile inayolipa vizuri lakini haipokei familia, au ile ya mshahara mdogo wanakotoa vyumba viwili. Mama yako kasema, "Aende penye pesa. Mapenzi hayaliwi." Nikacheka, nikaendelea kufua nepi.

Lakini barua yako nimeirudia. Umeandika "nitakaa", "nitapika", "nitazoea". Nimetafuta "tutakaa", sikuiona. Labda ni haraka tu. Kama hujatia saini, mwalimu wangu, sisi hata chumba kimoja kinatutosha.

Mkeo, nikikuombea